Funguo za tovuti ya shule zisigawiwe ovyo

Mwishoni mwa Novemba 2023, siku chache baada ya watahiniwa wetu wa Kidato cha Nne kufunga virago, mwalimu mwenzangu aliketi mbele ya kompyuta akafuta akaunti zao zote katika tovuti ya shule. Nia yake ilikuwa njema; alitaka kuwapisha wanafunzi wapya. Mfumo wa WordPress, ambao ndio tunaoutumia, ulimwuliza swali moja kabla ya kutii: je, maandishi ya watu hawa yafutwe pamoja nao au yakabidhiwe mwanachama mwingine? Akachagua yafutwe. Insha na mashairi ya miaka minne yakaingia katika pipa la taka la mfumo, ambamo hukaa siku 30 tu kabla ya kutoweka kabisa. Tulipong'amua, shule zilikuwa zimefunguliwa Januari.

Simlaumu. Wa kulaumiwa ni mimi niliyemkabidhi ufunguo wa msimamizi mkuu, kwa kuwa nilichoka kuitwa kila uchao kusahihisha jina lililoandikwa visivyo. Na sikumpa yeye pekee. Walimu saba walikuwa nao. (Katika shule nyingine nimeona neno la siri la msimamizi limebandikwa ukutani, kando ya ratiba ya zamu.)

Kosa hili lina chanzo chake. WordPress ina vyeo vitano vya kawaida, na kati ya hivyo ni msimamizi tu awezaye kurekebisha akaunti za watu wengine. Basi mwalimu wa darasa anayetaka kumsaidia mtoto mmoja hulazimika kupewa nyumba nzima: aweze kubadili sura ya tovuti, kuongeza programu, hata kuwaondoa wenzake.

Ndipo zinapofaa programu za nyongeza, mathalani Ultimate Member na BuddyPress kwa WordPress, au Community Builder kwa wanaotumia Joomla. Hizi huihamisha kazi ya akaunti kutoka ofisi ya ndani hadi katika kurasa zilezile ambazo kila mwanachama huziona. Mwanafunzi hujisahihishia jina, hubadilisha picha na huomba neno jipya la siri bila ya kumsumbua mtu. Ultimate Member, tuliyoiweka mwaka wa 2024, huruhusu pia cheo fulani kurekebisha akaunti za vyeo vilivyotajwa pekee. Mwalimu wa darasa sasa huzifikia akaunti za wanafunzi, za walimu wenzake hazigusi. Ruhusa ya kufuta huamuliwa mbali na ile ya kurekebisha, nasi tumeinyima vyeo vyote isipokuwa kimoja.

Wapo watakaonikumbusha, na wana haki, kwamba kila programu inayoongezwa ni mlango mwingine. Mnamo Juni 2023 Ultimate Member yenyewe, iliyokuwa katika tovuti zaidi ya 200,000, ilipatikana na ufa uliomwezesha mtu baki kujisajili kwa fomu ya kawaida akajipa cheo cha msimamizi. Wadukuzi waliutumia kabla haujazibwa kwa toleo la 2.6.7. Hata hivyo, ufa wa namna hiyo huzibwa na anayesasisha programu zake kwa wakati, ilhali funguo saba zilizozagaa hazizibwi na toleo lolote. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inampa mtu haki ya kutaka habari zake zilizokosewa zisahihishwe. Sioni vipi shule yenye mamia ya wanafunzi itaitimiza haki hiyo kwa mkono wa mwalimu mmoja wa kompyuta.

Insha sita tumezirudisha kutoka madaftari ya wanafunzi wanaoishi karibu na shule. Msichana aliyekuwa ameandika tamthilia ya maonyesho matatu alitujibu kwamba hana nakala; aliiandika moja kwa moja katika tovuti, akiamini kwamba huko ndiko itakakohifadhika.