Ndoto Zilizowekwa Kiporo Harlem

Shairi la “Harlem” lina mistari 11 tu, na karibu lote ni maswali. Langston Hughes, mshairi Mweusi wa Marekani, alilichapisha mwaka 1951 katika diwani inayohusu mtaa wa Harlem, New York.

Shairi linahusu ubaguzi dhidi ya Weusi, lakini neno hilo halimo. Hughes anauliza ndoto inayoahirishwa huishia wapi, kisha anaipitisha kwenye hisi zetu: zabibu iliyonyauka kwa jua, jeraha lisilopona, uvundo wa nyama, uzito wa mzigo. Msomaji anaonja na kunusa dhuluma kabla ya kuitafakari.

Mwishoni anadokeza mlipuko. Wakazi wa Harlem waliuelewa: kodi kubwa, vyumba vibovu na kunyimwa kazi vilichochea ghasia za mwaka 1935, na mwaka 1943 zikazuka tena.

Taswira ya zabibu ilimpa Lorraine Hansberry jina la tamthilia yake, A Raisin in the Sun (“Zabibu Juani”), iliyoonyeshwa Broadway mwaka 1959. Inasimulia familia ya Weusi wa Chicago inayonunua nyumba kwenye mtaa wa Wazungu. Baba yake Hansberry alipigania haki ya kufanya hivyohivyo hadi Mahakama Kuu ya Marekani, akashinda mwaka 1940.