Sumu ya Mbarika na Saratani ya Mapafu

Mbegu ya mbarika, ambayo wengine huiita nyonyo, yajulikana kwa mafuta yake. Lakini ndani yake imo pia risini, protini ambayo ni miongoni mwa sumu kali kabisa zitokanazo na mimea. Je, sumu hiyo yaweza kumfaa mgonjwa wa saratani?

Risini ina minyororo miwili. Mnyororo B hujishikiza kwenye sukari zilizo juu ya seli. Mnyororo A huingia ndani na kuharibu ribosomu, ambamo protini hutengenezwa. Seli isiyotengeneza protini hufa. Kasoro ya risini ni kwamba haichagui: huua seli nzima na seli yenye saratani sawasawa.

Mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein, huko Cambridge, Uingereza, walieleza njia ya kupata kingamwili za aina moja, zenye kutambua alama moja tu juu ya seli. Ndipo wataalamu walipozitumia kupeleka sumu mahali panapokusudiwa.

Katika maabara, sumu iliyounganishwa na kingamwili hutiwa kwenye seli za saratani ya mapafu zenye alama hiyo, na pia kwenye seli zisizo nayo. Seli nyingine hupewa kingamwili peke yake. Kisha huongezwa leusini yenye mnururisho. Seli hai huiingiza katika protini zake, iliyodhurika haiwezi. Bila ulinganisho huu, kufa kwa seli hakuthibitishi kwamba kingamwili ndiyo iliyoiongoza sumu.

Mwaka 1997 madaktari wa Boston, Marekani, walitoa matokeo ya wagonjwa 21 wa saratani ya mapafu ya seli ndogo. Walitumia kingamwili N901 iliyounganishwa na risini ambayo mnyororo wake B ulikuwa umezibwa. Uvimbe wa mgonjwa mmoja ulipungua. Lakini kipimo kilipoongezwa, mishipa midogo ya damu ilivuja majimaji, ikawa hatari.

Hata hivyo wazo hilo halikufa. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha trastuzumab deruxtecan kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani ya mapafu. Humo kingamwili hubeba dawa ya kikemikali badala ya sumu ya mmea. Nayo huweza kuyadhuru mapafu yenyewe. Kwa hiyo kila mtafiti hana budi kuhesabu seli zilizokufa pamoja na zile zilizosalimika.