Mtoto Amekubaliwa Makerere: Juma la Kwanza



Kila mwaka unapokaribia mwezi wa Agosti, wanachama wetu kadhaa hufika katika ofisi ya tawi wakiwa na karatasi mkononi na furaha usoni. Mtoto amekubaliwa Chuo Kikuu. Mchuma chai, mkata miwa, mama wa mashine ya kusokota nyuzi, wote huuliza swali moja: "Tumpe nini aende nacho?" Nasi huona kwamba wengine wameshanunua godoro, sanduku la bati na ndoo, lakini barua yenyewe hawajasomewa hadi mwisho. Barua imeandikwa kwa Kiingereza kigumu, na mtoto kwa furaha yake amesoma mstari wa kwanza tu. Kwa hiyo katika toleo hili twataka kueleza juma la kwanza la chuo lilivyo, tukichukua mfano wa Makerere, Kampala, ambako mambo yake tunayafahamu zaidi.

Neno la kwanza la kushika ni hili: kukubaliwa si kuandikishwa. Barua inasema mtoto amepewa nafasi kwa masharti, na sharti mojawapo ni kwamba vyeti vyake vitakaguliwa na kuonekana ni vya kweli. Mpaka alipe anachotakiwa kulipa, aonyeshe vyeti, na jina lake liingizwe katika daftari la chuo kwa muhula ule, yeye si mwanafunzi bado, hata kama analala karibu na lango na anaingia darasani kila siku. Mwalimu hatamfukuza, maana katika ukumbi wenye mamia ya watu hajui nani ni nani. Mambo hujulikana mwisho wa muhula, kwa kuwa asiyeandikishwa hana haki ya kufanya mtihani. Hapo mzazi ameshatumia fedha za miezi minne kwa chumba na chakula, na mtoto anarudi kambini mikono mitupu.

Wazee wetu, bila kukusudia, huwashauri vijana kwa habari za zamani. Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi, na mwaka 1970 ikawa Chuo Kikuu kinachojitegemea. Katika miaka ile aliyeingia alilipiwa na Serikali masomo, kitanda, chakula, na hata fedha kidogo za mfukoni. Ndiyo maana mzee atakuambia, "Mwanangu, ukishaingia mlimani umepona." Fedha hizo za mfukoni zilikatwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika maandamano ya Desemba 1990 wanafunzi wawili waliuawa kwa risasi. Kuanzia mwaka 1992 chuo kikapokea wanaojilipia, na leo hao ndio walio wengi. Serikali hulipia wapya wapatao 4,000 tu kwa mwaka, katika vyuo vikuu vyote vya umma kwa jumla. Basi tazama kwanza mahali palipoandikwa nani anayelipa. Ikiwa ni Serikali, shangilia. Ikiwa ni mwenyewe, kaa chini mpige hesabu.

Hesabu ina mafungu mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna ada ya masomo yenyewe, ambayo ndiyo kubwa, na kuna ada za huduma: kuandikishwa, maktaba, mitihani, matibabu, kitambulisho, chama cha wanafunzi na mengineyo. Ada ya masomo kwa kawaida chuo huruhusu kuilipa kwa mafungu ndani ya muhula, na tarehe zake zimeandikwa katika maelekezo yaliyofuatana na barua. Ada za huduma ndizo zinazotakiwa mapema. Mwanachama mwenye fedha chache asikate tamaa kwa kuona jumla kubwa chini ya karatasi. Aulize, "Ni kiasi gani ninachotakiwa kulipa ili mtoto aandikishwe?" Jibu lake ni dogo kuliko jumla ile. Tena usishike hesabu ya jirani ambaye mtoto wake aliingia mwaka mwingine, kwa maana ada hupanda na walioingia miaka mbalimbali huweza kulipa viwango mbalimbali kwa somo lile lile.

Malipo hayafanywi kwa fedha taslimu mkononi mwa mtu. Mwanafunzi huingia katika mtandao wa chuo kwa jina lake, anatoa namba ya malipo, kisha namba hiyo hupelekwa benki au hulipiwa kwa simu. Kwa hiyo kijana yeyote aliyesimama langoni na kusema, "Mzee, nipe hizo fedha, mimi nina mtu ofisini, usipange foleni," huyo ni mwizi, hata akiwa na kitambulisho shingoni. Mpite.

Sasa tuzungumze juu ya bweni, maana hapa ndipo wengi wanaponaswa. Katika barua imeandikwa kwamba mtoto amewekwa katika bweni fulani: labda Lumumba, labda Livingstone, na kwa wasichana labda Mary Stuart au Africa. Mzazi anasoma na kufikiri kitanda kipo. La! Kila mwanafunzi wa Makerere huhesabiwa kuwa wa bweni fulani, hata yule anayelala Nansana. Ni kama mfanya kazi kuhesabiwa katika tawi fulani la chama: tawi halimpi nyumba. Tafuta neno linalosema kama atakaa ndani au atakaa nje. Akiwa wa kukaa nje, atafute chumba mwenyewe Kikoni, Wandegeya, Nakulabye au Kivulu, na majumba ya kupangisha wanafunzi huko hudai kodi ya muhula mzima, tena kabla hujaingiza godoro.

Mwanachama wetu mmoja wa shamba la chai alipatwa na jambo hili. Alifika na binti yake siku ya Jumapili jioni, baada ya safari ya kutwa nzima kwa basi, akiamini kitanda kipo. Walipoelezwa kwamba binti ni wa kukaa nje, usiku ulikuwa umeingia. Mwenye jumba moja akawaonyesha chumba kizuri chenye vigae na akadai kodi yote pale pale. Mzee akalipa kwa hofu ya usiku, na fedha zile ndizo zilizokuwa za kuandikishwa. Binti alikaa katika chumba cha vigae majuma kadhaa bila kuwa mwanafunzi, mpaka wenzake baba katika shamba walipochanga. Tulimwuliza kwa nini hakulala kwa ndugu yake wa Kawempe usiku mmoja tu, akasema aliona haya kubisha hodi na sanduku kichwani. Hatumcheki. Ni nani kati yetu asingeona haya?

Kwa sababu hiyo tunashauri mtoto au mzazi aende Kampala siku moja mapema, bila mizigo, siku ya kazi, atazame vyumba viwili vitatu mchana na kurudi. Kutoka Jinja ni kilomita 80 hivi, mtu huenda na kurudi siku ile ile. Anayetoka Fort Portal ana safari ya kilomita kama 300, naye amwombe mwanachama mwenzetu wa viwanda vya Kampala amtazamie. Chumba cha watu wawili kinafaa sana mwaka wa kwanza. Chakula cha Wandegeya hakina shida: kikomando, yaani chapati iliyokatwa na kumwagiwa maharagwe, kimewasomesha wengi.

Karatasi nazo zisiwekwe ndani ya sanduku. Barua ya kukubaliwa, hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita zilizo za asili, nakala zake kadhaa, kitambulisho cha taifa, picha ndogo, na fomu ya daktari kama imetakiwa, zote ziwe ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko uwe mwilini mwa mtoto. Katika kituo cha teksi cha Kampala sanduku likipotea utanunua jingine. Cheti cha asili kikipotea, juma la kwanza lote litakwisha katika ofisi za baraza la mitihani.

Kuhusu fedha, iko Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2014. Mkopo wake unalipa ada, haulipi chumba wala chakula, na huombwa kwa tarehe zake zenyewe, ambazo hazifuatani na siku ya kufungua chuo. Omba, lakini usingojee majibu yake ndipo uandae juma la kwanza. Kwa mkulima wa mshahara, yaani sisi, msaada wa karibu ni chama cha akiba na mikopo cha kazini, au kumwomba meneja mshahara wa mbele kwa barua kupitia mwakilishi wa wafanya kazi. Tunawaonya juu ya wakopeshaji wa mitaani wanaochukua kadi yako ya benki na namba yake ya siri, wakawa wanapokea mshahara wako kabla yako. Katika nchi ambayo kima cha chini cha mshahara kiliwekwa Shs. 6,000 kwa mwezi mwaka 1984, na muswada wa kukibadilisha uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 haukutiwa sahihi na Rais, mshahara wetu hauwezi kulisha watu wawili.

Fedha zikikosekana kabisa, mtoto asinyamaze. Amwandikie Msajili wa Chuo mapema, aeleze shida na aombe nafasi yake isogezwe mbele. Anayenyamaza huhesabiwa kuwa ameiacha nafasi.

Juma lenyewe ni la kuwaonyesha wageni chuo: maktaba, zahanati, ofisi ya Mkuu wa Wanafunzi, ratiba za masomo. Wenyeji huwaambia wapya kwamba mikutano ile si ya lazima. Watoto wetu waihudhurie, hasa ule wa kitivo chao, maana watoto wa mjini wana kaka na dada wa kuwaeleza baadaye, na watoto wa kambini hawana. Na kama Kiingereza chake kina lafudhi ya kwao, aulize hivyo hivyo.

Akishaandikishwa, namba yake ya usajili aitume nyumbani siku ile ile, na mzazi ailete kwa katibu wa tawi. Mwaka huu tunafungua daftari la watoto wa wanachama walio chuoni, ili mpya wa mwaka ujao apate wa kumpokea Wandegeya.