Saa Mbili ya Lini, Saa Mbili ya Kiasi Gani?

Mtu akikwambia "kesho tuna kipindi cha saa mbili", unaelewa nini? Kipindi kinaanza saa mbili asubuhi, au kitachukua muda wa saa mbili? Sentensi yenyewe haisemi. Wengi wetu hapo tunaongeza silabi moja, mambo yanakwisha: "kipindi cha masaa mawili". Halafu mwalimu wa Kiswahili anapita na kalamu nyekundu, anakata ma-, anaandika "saa". Kosa limeondoka, ila utata umerudi pale pale.

Tuanze na mpangilio wa lugha. Kwa kawaida Kiswahili kinatenganisha vizuri namba inayopima urefu wa wakati na namba inayotaja nafasi. Siku tatu ni urefu, siku ya tatu ni nafasi. Miezi sita ni nusu mwaka, mwezi wa sita ni Juni. Miaka mitatu ndiyo urefu wa shahada yetu ya ualimu, lakini aliye mwaka wa tatu bado hajaimaliza hiyo mitatu. Kazi hiyo inafanywa na -a unganifu, pamoja na tofauti ya umoja na wingi: mwezi na miezi, mwaka na miaka.

Hata kitenzi kinasaidia. Ukisema "nimekaa Mkuyuni miaka miwili", tunaelewa bado uko huko, kodi unalipa. Ukisema "nilikaa Mkuyuni miaka miwili", umeshahama. Urefu ni ule ule, ila -me- na -li- ndizo zinazosema kama muda huo unaendelea au umefungwa.

Sasa njoo kwenye saa. Neno hili liko ngeli ya i-/zi-, kwa hiyo halibadiliki katika wingi: saa moja, saa mbili. Na tunapotaja wakati wa siku hatusemi "saa ya pili", tunasema "saa mbili". Alama zote mbili zilizotusaidia kwenye mwezi na mwaka hapa hazipo.

Sababu yake siyo uzembe. Wakati wetu wenyewe unahesabiwa kama urefu: saa mbili asubuhi ni saa mbili tangu mchana uanze, yaani tangu saa kumi na mbili, karibu na jua kuchomoza. (Mwanza jua linachelewa kidogo, maana saa ya Tanzania inafuata nyuzi 45 mashariki na sisi tuko karibu na nyuzi 33.) Kiingereza kinaanza kuhesabu usiku wa manane na adhuhuri, na kina namna moja ya kutaja saa ya ukutani na nyingine ya kutaja urefu. Sisi tuna neno moja kwa kazi zote mbili.

Ndipo watu wakaleta ma-. Sikiliza vizuri utaona wanaitumia kwa kanuni. Fundi simu atakwambia "njoo baada ya masaa mawili", lakini hutamsikia akisema "tukutane masaa mawili asubuhi". Ma- inakaa kwenye urefu tu. Kwa sarufi sanifu ni kosa, na kwenye mtihani litakukosesha alama. Lakini mwanafunzi aliyeandika hivyo alikuwa anajaribu kusema kitu cha maana, na kumkatia ma- bila kumpa kitu badala yake ni kumwacha njiani.

Utata huu una uzito zaidi kwenye dawa. Huku kandokando ya ziwa malaria tunaijua. Mtu mzima anayetumia dawa ya mseto (ALu) humeza vidonge 4 mara 6 ndani ya siku 3, jumla 24. Dozi ya pili inamezwa saa 8 baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Sasa mgonjwa ameanza dawa saa 4 usiku, na mtu mwenye haraka amemwambia tu "ya pili saa nane". Hesabu sahihi inampeleka saa 12 asubuhi. Akielewa saa 8 usiku, atameza baada ya saa 4 tu. Akielewa saa 8 mchana, atakuwa amechelewa mpaka saa 16. Maneno yote yalikuwa sanifu, hakuna "masaa" hata moja.

Kwa hiyo sisi tunaokwenda kufundisha, tukikata ma- tuandike pembeni kile Kiswahili sanifu kinachotoa: "muda wa saa mbili" kwa urefu, "baada ya saa mbili" kwa kinachofuata, "kila baada ya saa nane" kwa kinachojirudia, na "kuanzia saa mbili mpaka saa nne" tukitaka mwanzo na mwisho vijulikane. Kwa wakati wa siku, tusiache kutaja asubuhi, mchana, jioni au usiku. Zoezi zuri darasani ni kuwapa wanafunzi "kipindi cha saa mbili" waiandike upya kwa maana zake mbili. Na nyumbani, kama kuna mgonjwa, usimtajie urefu peke yake. Fanya hesabu wewe, umwandikie kwenye bahasha: saa 12 asubuhi.