Slasha Kuukuu ya Trekta na Sanduku la Gia Livujalo Mafuta

Maelezo kwa wakulima wa Mtendeni na sehemu nyingine za Tabora

Mvua za Tabora huanza kwa kawaida mwezi wa Novemba na kumalizika mwezi wa Aprili. Zikatikapo, majani ya porini huanza kukauka, na tangu hapo mpaka mvua nyingine moto waweza kupita katika miombo siku yo yote. Moto huo huteketeza malisho, mizinga ya nyuki, miembe na mabani ya tumbaku. Mkulima aliyefyeka njia pana ya kuzuia moto majani yangali mabichi amejilinda. Aliyengoja mpaka Julai huenda akachelewa.

Slasha ya trekta hufanya kwa asubuhi moja kazi ya watu wengi wenye mafyekeo. Lakini slasha mpya ni ya bei kubwa, na kwa hiyo wakulima wengi hununua kuukuu, au huifufua iliyolala miaka nyuma ya ghala. Mara nyingi sanduku lake la gia huwa limelowa mafuta, na vumbi limeganda juu yake. Karatasi hii yaeleza namna ya kuitengeneza mashine ya namna hiyo. Neno lake kubwa ni hili: kuvuja ni dalili tu, na ugonjwa wenyewe uko mahali pengine. Abadiliye sili bila kutafuta sababu atanunua sili ya pili kabla ya msimu kwisha, na mwisho wake atanunua gia.

Mafundisho ya Urambo

Mji wa Tabora ulikuwa kituo kikubwa cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Burton na Speke walipofika mwaka wa 1857 waliuita Kazeh. Misafara ilipumzika hapa, na mizigo ikafungwa upya kabla ya kuendelea. Magharibi ya mji, huko Urambo, ndipo palipokuwa sehemu moja ya mpango wa karanga wa Serikali ya Uingereza ulioanza mwaka wa 1947. Sehemu nyingine zilikuwa Kongwa na Nachingwea. Matrekta mengi ya mpango ule yalinunuliwa yakiwa yamekwisha kutumika. Yaliharibika upesi, vipuri vilikuwa haba, na mafundi hawakutosha. Mpango uliachwa mwaka wa 1951. Zilikuwapo sababu nyingine pia, kama vile udongo na mvua, lakini mkulima na akumbuke hili moja: chombo kuukuu hukaguliwa kabla ya safari.

Namna sanduku lifanyavyo kazi

Trekta huleta nguvu kwa shafti ya PTO, izungukayo mara 540 kwa dakika. Shafti hiyo huingia katika sanduku la gia kwa ulalo. Ndani yake zimo gia mbili za mshazari zigeuzazo mzunguko, na shafti ya pili hushuka wima mpaka kwenye sahani ya visu. Kila mahali shafti inapotoka katika sanduku pana sili, yaani pete ya mpira yenye mdomo mwembamba na springi ndogo, ikumbatiayo shafti na kuyazuia mafuta. Sili ya chini ndiyo iharibikayo zaidi, maana i karibu na majani, udongo na mtikisiko wa visu.

Usalama kwanza

Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko 9 kwa kila sekunde. Shuka, kanga au kanzu ikishikwa na shafti, mwenyewe hapati nafasi hata ya kupiga kelele. Basi kabla ya kugusa kitu cho chote, zima injini, toa ufunguo utie mfukoni mwako, kisha ifungue shafti ya PTO kutoka kwenye trekta. Usiingie kamwe chini ya slasha iliyoinuliwa kwa mikono ya trekta peke yake. Itegemeze juu ya magogo mazito, manne, yaliyo imara.

Kutafuta sababu

Safisha sanduku lote kwa brashi na dizeli, ulikaushe, ndipo utazame mafuta yatokapo. Kisha chunguza mambo haya kwa taratibu.

1. Tundu la pumzi. Juu ya sanduku pana kizibo chenye tundu dogo. Sanduku lipatapo moto, hewa ya ndani hutanuka, kama mvuke katika sufuria yenye mfuniko. Tundu likizibwa na udongo, hewa huyasukuma mafuta yapite kwenye sili, hata kama sili ni mpya. Lisafishe. Mara nyingine ugonjwa wote ni huu.

2. Mafuta kupita kiasi. Upande wa sanduku pana kizibo cha kipimo. Mafuta yakiwa juu ya kipimo hicho, yaliyozidi hutafuta njia ya kutoka.

3. Waya na kamba. Tazama chini, baina ya sahani ya visu na sanduku. Kamba za katani, nailoni na waya hujiviringisha hapo, hukata mdomo wa sili, na huchimba mfereji katika shafti.

4. Beringi. Ishike sahani ya visu kwa mikono miwili, uisukume juu na chini, kisha kando kwa kando. Kuzunguka kidogo kabla gia hazijakamatana si neno. Lakini shafti ikicheza kwenda juu au kando, beringi imekwisha, na hapana sili iwezayo kuzuia mafuta kwenye shafti iyumbayo.

5. Visu. Kisu kimoja kikiwa kizito kuliko mwenziwe, au kimepinda, mashine yote hutikisika, na beringi na sili hufa pamoja. Visu hubadilishwa viwili kwa pamoja.

Sasa fungua kizibo cha chini uyakinge mafuta katika chombo safi, uyatazame. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia. Yakiwa na vipande ving'aavyo vya chuma, gia au beringi inamegeka, nawe huna budi kulifungua sanduku lote. Mafuta hayo machafu usiyamwage shambani wala karibu na kisima; yatie katika dumu lenye kizibo, uyapeleke gereji yakusanywako mafuta machafu.

Kubadili sili ya chini

Toa pini, kisha legeza nati kubwa ya sahani, lakini usiitoe kabisa. Iache juu ya uzi wa shafti ili sahani isikuangukie. Sahani ikiwa imeshikwa na kutu, imiminie dizeli ilale usiku kucha, kisha uivute kwa chombo cha kuvutia. Usiipige shafti kwa nyundo kichwani. Pigo hilo hupita mpaka kwenye beringi, na uzi wa nati huharibika.

Chokoa sili ya zamani kwa uangalifu, usiikwaruze shafti. Juu yake pana nambari tatu. Ikiandikwa 45, 80 na 10, maana yake ni kwamba shafti ni milimita 45, tundu la sanduku ni milimita 80, na unene wa sili ni milimita 10. Nenda dukani na sili yenyewe mkononi. Usikisie kwa macho.

Sasa pitisha ukucha juu ya shafti, pale mdomo wa sili ulipokuwa ukikaa. Ukucha ukinasa, pana mfereji, na sili mpya itavuja siku ile ile. Hapo pana njia mbili. Mfereji ukiwa mdogo na pakiwa na nafasi, ingiza sili mpya ndani zaidi au nje zaidi kwa milimita mbili au tatu, ili mdomo wake ukae juu ya chuma kizima. Mfereji ukiwa mkubwa, mpelekee shafti fundi wa kukereza vyuma mjini aivishe pete nyembamba ya chuma laini.

Paka mdomo wa sili grisi kidogo. Upande wenye springi uelekee ndani, kwenye mafuta. Ingiza sili kwa bomba lililo sawa na upana wake, ukigonga polepole pande zote sawasawa. Iliyoingia mshazari itavuja.

Ukilazimika kulifungua sanduku lote, hesabu zile shimu, yaani pete nyembamba za bati zilizo baina ya beringi na kifuniko, uzirudishe kama zilivyokuwa. Hizo ndizo zinazopima nafasi baina ya gia. Ikipotea moja, gia zitalia na kukatika meno.

Mafuta, na kosa la grisi

Tia mafuta ya gia ya namba 90 yafaayo gia zenye mzigo mzito, mpaka yafike kwenye tundu la kipimo, slasha ikiwa imesimama sawa. Watu wengine hujaza sanduku grisi nzito ili lisivuje. Grisi hiyo husukumwa kando na gia, ikaganda ukutani, na beringi ya juu ikakauka. Sanduku kweli halivuji tena, lakini linakufa ndani. Kama kitabu cha mashine chaagiza grisi laini ya gia, tumia hiyo. Kama sivyo, tumia mafuta.

Kujaribu

Funga kila kitu, rudisha pini ya nati, rudisha na vifuniko vya shafti ya PTO. Waondoe watoto na wanyama, maana kisu hurusha jiwe mbali sana. Endesha polepole kwa dakika 10 bila kufyeka, kisha zima, ungoja visu visimame, uguse sanduku. Likiwa na uvuguvugu, vema. Likiunguza mkono, tafuta sababu kabla ya kuendelea. Bolti laini iliyowekwa ikatike slasha igongapo kisiki isibadilishwe kwa bolti ngumu. Ile ya bei ndogo hukatika ili gia ipone.

Mashine isiyofaa kutengenezwa

Sanduku likiwa na ufa, au tundu la beringi limepanuka, au gia zote mbili zimekatika meno, piga hesabu ya vipuri vyote kabla ya kununua hata kimoja. Huenda sanduku zima kutoka slasha nyingine iliyokufa likawa la bei ndogo zaidi. Hakikisha idadi ya meno ya shafti na mwelekeo wa mzunguko ni sawa na wa lile la kwanza.

Kumbuka

Fanya kazi hii mvua zikiwa bado zanyesha, usingoje majani yakauke. Kila asubuhi kabla ya kufyeka, tazama kipimo cha mafuta, safisha tundu la pumzi, na uondoe kamba chini ya sahani. Dakika chache hizo zitakuokolea sanduku la gia, na njia ya moto itakuwa tayari kabla moto haujaja.