Hospitali za Serikali Ibra, Sur na Nizwa: Jua Mlango Wako Kabla Hujaugua



Wengi wetu tunaoishi Sharqiyah na Dakhiliyah huanza kuuliza habari za hospitali siku ile tunapougua. Siku hiyo ndiyo mbaya kuliko zote kwa kuuliza. Homa imepanda, mtoto analia, na hapo ndipo mtu anataka kujua aende wapi kwanza, nani analipa, na achukue karatasi gani. Katika makala hii tutaeleza utaratibu wa afya wa Oman ulivyojengwa, na wewe uko upande gani wa utaratibu huo.

Ulivyoanza

Wazee waliorudi kutoka Zanzibar, Mombasa na Bujumbura miaka ya 1970 wanakumbuka nchi iliyokuwa haina kitu. Wizara ya Afya iliundwa mwaka 1970, Sultan Qaboos alipotawala. Takwimu za wizara hiyo zinasema wakati ule zilikuwepo hospitali mbili tu, zenye vitanda 12. Katika kila watoto 1,000 waliozaliwa, kiasi cha 118 walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Kufikia miaka ya 2000 idadi hiyo ilishuka hadi karibu 10. Mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani lilipolinganisha mifumo ya afya ya nchi 191, Oman ilishika nafasi ya 8.

Haya hayakutokea kwa kujenga hospitali kubwa Muscat peke yake. Fedha za mafuta zilipelekwa pia vijijini, na kila mkoa ukapewa idara yake ya afya yenye madaraka ya kuendesha mambo. Ndiyo maana Nizwa ina hospitali yake kubwa kwa watu wa Dakhiliyah. Sharqiyah iligawanywa mwaka 2011 kuwa mikoa miwili: Kaskazini, makao yake Ibra, na Kusini, makao yake Sur. Kila mmoja una hospitali yake ya rufaa. Katika kila wilaya iko kamati ya afya ambayo mwenyekiti wake ni Wali. Kama wewe ni raia na una malalamiko juu ya maji, taka au huduma ya kituo chenu, hapo ndipo pa kuyapeleka.

Ngazi zake

Utaratibu ni wa ngazi, na ngazi haziruki. Ya kwanza ni kituo cha afya cha mtaani kwako, kinachoitwa kwa Kiarabu markaz sihhi. Hapo ndipo faili lako linapofunguliwa, kulingana na unapoishi. Sukari, presha, chanjo za watoto na kliniki ya wajawazito huanzia hapo. Daktari wa kituo akiona jambo limemzidi, anakuandikia rufaa ya hospitali ya wilaya au ya mkoa. Kutoka hapo, mwenye kuhitaji upasuaji mkubwa au matibabu ya pekee hupelekwa Muscat, mathalan hospitali ya Khoula kwa mifupa na ajali, au Royal.

Mtu anayekwenda moja kwa moja hospitali ya Nizwa kwa ajili ya kikohozi cha kawaida hupoteza asubuhi nzima, kisha akaambiwa arudi kituoni. Ajali na hali ya hatari ni jambo jingine. Hapo nenda moja kwa moja, au piga 9999.

Nani analipa?

Hapa ndipo watu wetu wanapogawanyika, hata wakiwa ndugu wa nyumba moja.

Raia wa Oman, pamoja na Waswahili wenzetu wenye uraia, hutibiwa na serikali kwa ada ndogo sana. Mgeni aliyeajiriwa na serikali, kama mwalimu au muuguzi, naye hutibiwa katika hospitali za serikali.

Mgeni aliyeajiriwa na kampuni au mtu binafsi yumo katika fungu jingine. Sensa ya mwaka 2020 ilikuta wageni ni karibu watu wanne katika kila kumi, na siasa ya nchi ni kwamba mzigo wa matibabu yao umwangukie aliyewaleta. Sheria ya Kazi imeweka wajibu huo kwa mwajiri. Dada zetu wanaofanya kazi za nyumbani hawamo katika sheria hiyo, lakini kanuni iliyotolewa kwa ajili yao mwaka 2004 ilimtaka mwajiri awapatie matibabu kwa muda wote wa mkataba. Kwa hiyo dada, kumwambia kafili wako akupeleke kwa daktari si kuomba hisani. Ni sehemu ya mkataba, kama chakula na pa kulala.

Tatizo ni kwamba haki inayopitia mkononi mwa mtu mwingine inaweza kukwama mkononi mwake. Asiyejua haki hiyo hunywa panadoli wiki tatu, na anapofika hospitali ugonjwa umeshakomaa.

Mlango ulio wazi kwa wote

Upo mlango mmoja ambao haukuulizi pasipoti, nao ni wa maradhi ya kuambukiza. Mwaka 1990 Oman ilikuwa na wagonjwa wa malaria zaidi ya 32,000. Kampeni ya kuifuta ilianza mwaka 1991, na ilianzia hapa hapa Sharqiyah. Malaria ya ndani ilipopungua, iliyobaki ilikuwa ikiletwa na wasafiri, na wengi walitoka kwetu Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi abiria wa kutoka huko walikuwa wakipimwa damu uwanja wa ndege wa Seeb. Wapo walioona wanadharauliwa. Lakini mbu wa Oman yupo bado, na mgonjwa mmoja asiyetibiwa anatosha kuurudisha ugonjwa kijijini. Ndiyo sababu kupima na kutibu malaria kumekuwa bure kwa kila mtu, raia na mgeni. Mwaka 2020, wakati wa korona, serikali ilifanya hivyo hivyo kwa vipimo na matibabu.

Mambo ya kufanya wiki hii

1. Ijue markaz ya mtaani kwako na saa zake za kazi. Kama una haki ya kutibiwa hapo, fungua faili ukiwa mzima.

2. Weka kopi ya bitaka yako, ya pasipoti na ya mkataba mahali unapoweza kuzifikia mwenyewe. Piga picha kwa simu pia.

3. Muulize mwajiri leo: nikiugua nikatibiwe wapi, na je, nina bima? Kama ipo, omba kadi yake.

4. Una ujauzito? Uliza gharama za kujifungua mwezi wa nne, usingoje wa tisa. Mgeni asiye na bima hulipa mwenyewe.

5. Ukitoka likizo nyumbani kisha ukapata homa, hata baada ya miezi, mwambie daktari umetoka wapi na lini. Neno ni lile lile kwa Kiarabu: malarya. Usingoje Panadoli ishindwe, malaria inaweza kuua kwa siku chache.

6. Kama unatumia dawa za sukari au presha, chukua majina yake kwenye karatasi kila unaposafiri.

Na wewe mwenye uraia, mwenye faili na kadi, una jirani Mswahili ambaye hana. Mfasirie kwa daktari, mpe namba ya 9999, na kama anaogopa kusema na kafili wake, nenda naye mkaseme pamoja.

Tunakutakieni afya njema nyote, na wagonjwa wetu Mwenyezi Mungu awaponye.