M-Pesa ilibuniwa kulipia mikopo, wateja wakaigeuza: Funzo kwa anayeanzisha biashara

Unatumia akiba yako yote kutengeneza programu ya simu. Marafiki wanakwambia wazo ni kali. Unaizindua, na hakuna anayeinunua.

Tatizo mara nyingi si programu. Ni kwamba ulijibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Historia ya M-Pesa inaonyesha namna ya kulikwepa shimo hilo.

Ilianza kama huduma ya mikopo

Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom zilianza majaribio nchini Kenya pamoja na Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo. Wateja hawakufika hata 500. Lengo lilikuwa mkopaji alipe marejesho yake kwa simu kupitia wakala, badala ya kutembea na noti mfukoni.

Kumbe wateja walikuwa na mambo yao.

- Baadhi ya wafanyabiashara waliweka pesa kwenye simu ili zilale salama, kwa kuwa benki zilikuwa zimeshafungwa.
- Wasafiri waliweka pesa wanakotoka na kuzitoa wanakokwenda, wasije wakaporwa njiani.
- Wengine waliwanunulia ndugu zao wa kijijini muda wa maongezi, kama njia ya kuwatumia pesa.

Upande wa marejesho, kuunganisha huduma hiyo na hesabu za mikopo kulisumbua.

Timu ya Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone ingeweza kung'ang'ania wazo lake. Badala yake iliweka mikopo kando na kufuata kile wateja walichokuwa wakifanya tayari. Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa kwa ujumbe rahisi: tuma pesa nyumbani. Kabla ya mwaka kuisha, waliojisajili walipita milioni 1.

Hitaji hilo halikuletwa na simu. Watu wa mjini walikuwa wakituma pesa kwa madereva wa mabasi, kwa posta, au kwa jamaa anayerudi kijijini. M-Pesa iliwapunguzia usumbufu na hatari.

Pesa nyingi haziokoi wazo

Linganisha na Quibi ya Marekani. Ilikusanya takriban dola bilioni 1.75, ikazindua video fupi za kulipia kwenye simu Aprili 2020. Lakini watu tayari walikuwa na YouTube na TikTok, bure. Desemba mwaka huohuo ikafungwa.

Ufanye nini kabla ya kutumia akiba yako?

1. Usiulize, "Ungependa huduma hii?" Wengi watasema ndiyo ili wasikuvunje moyo. Uliza, "Mara ya mwisho tatizo hili lilipokupata ulifanya nini, na lilikugharimu kiasi gani?" Kama hajawahi kuhangaika kulitatua, huenda halimuumi.

2. Anza na wateja wachache. Hata daftari na namba ya WhatsApp vinatosha kujaribu.

3. Angalia anayelipa na anayerudi bila kusukumwa. Sifa ni bure, pesa si bure.

4. Mteja akitumia bidhaa yako tofauti na ulivyopanga, usimkosoe. Mfuatilie. Huenda anakuonyesha biashara yenyewe.